Sauti za kiongozi wa upinzani zikivuja, tuanze kuuliza nani alikuwa anarekodi na kwa nini kaachia leo

Wakuu salaam,

Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu, ila hili jambo linaniuma na naona tunalijadili vibaya kila likitokea.

Uchaguzi ukikaribia, uwe wa nchi au hata wa ndani ya chama, lazima ziibuke sauti. Dakika mbili tatu, kiongozi wa upinzani anasikika anaongea na mtu ambaye jina halitajwi, hela inatajwa, "wale jamaa" wanatajwa, halafu sauti inakatika. Masaa machache tu mtu aliyekula virungu na kulala mahabusu miaka yote anaitwa pandikizi, anaitwa mtu wa kitengo, yaani wa usalama, anaambiwa analamba asali ya serikali. Upande wa pili wanajibu hiyo ni AI, mmetengeneza nyie buku saba wa Lumumba, yaani vijana wa CCM wanaodaiwa kulipwa kuandika mitandaoni. Basi imeisha hiyo, kila mtu keshachagua upande na hakuna hata mmoja aliyeisikiliza ile klipu mara ya pili.

Mimi naona hivi. Sauti iliyovuja, tuseme ni ya kweli kabisa, inakupa habari mbili kwa wakati mmoja. Moja ni alichosema jamaa. Ya pili ni kwamba kuna mtu alikuwa na uwezo wa kumrekodi, alikaa nayo, na amechagua siku ya kuitoa. Hiyo ya kwanza tunaitafuna wiki nzima, ya pili tunairuka kama haipo, na mara nyingi ya pili ndo imebeba mzigo mkubwa zaidi.

Tuanze na ya hapa hapa nyumbani, na siyo hata ya upinzani. Julai 2019 mlisikia zile sauti za vigogo wa CCM, akina Kinana, Nape, January, Ngeleja, watu wanaongea kwenye simu zao kuhusu hali ya chama na mwenyekiti wao, Rais Magufuli. Zilisambaa nchi nzima. Septemba tukaona wengine wanaomba radhi, Nape akaenda Ikulu, Hayati Magufuli akasema hadharani amewasamehe. Februari 2020 Kinana akapewa karipio na chama. Sasa jiulize, mjadala wote ule ulikuwa juu ya walichosema. Aliyenasa simu za makatibu wakuu wastaafu na watu waliokuwa mawaziri hakuguswa, wala halikuwa swali la taifa. Wakati ibara ya 16 ya Katiba inasema wazi mawasiliano binafsi ya mtu yanalindwa. Kama simu ya Kinana inanaswa na inapita hivi hivi, simu ya mwenyekiti wa upinzani ni kitu gani?

Kwa hiyo mtu akiniletea klipu ya mpinzani namuuliza hivi, hii ilirekodiwa na nani? Kuna njia tatu tu. Aidha amerekodi mmoja wa waliokuwa wanaongea, aidha kulikuwa na kifaa chumbani, aidha simu imenaswa huko kwenye mitambo. Hii ya tatu siyo kazi ya kijana wa mtaani na laptop yake, hapo unazungumzia mtu mwenye mkono serikalini. Na hiyo ya kwanza ndo inatakiwa ikufikirishe zaidi, kwa sababu aliyekuwa ananunua mara nyingi ndo huyo huyo anarekodi.

Mfano upo na ni mkubwa sana. Peru, Septemba 14 mwaka 2000, ilirushwa video ya mbunge mteule wa upinzani anaitwa Alberto Kouri. Alikuwa amechaguliwa kwa chama cha Perú Posible. Kwenye ile video amekaa na Vladimiro Montesinos, bosi halisi wa usalama wa Rais Fujimori, anapokea dola 15,000 ahamie upande wa serikali. Hakukuwa na utata, unaona hela inahesabiwa na inaingia mfukoni. Siku mbili baadaye Fujimori akatangaza uchaguzi mpya ambao yeye hatagombea, Novemba akawa yuko Japani. Kilichonishangaza mimi ni kwamba ile kamera haikuwa ya mwandishi wa habari wala ya mpelelezi. Ilikuwa ya Montesinos mwenyewe. Alikuwa anawarekodi wote aliowanunua, wabunge, majaji, wenye vituo vya televisheni, makusudi ili mtu akishapokea asigeuke. Rekodi ilikuwa ndo mkataba wenyewe. Na haikutoka kwa sababu yeye alitaka itoke, ilichomoka kutoka ndani kwao.

Sasa rudini kwenye hizi zetu. Kama fulani ni mtu wao kweli, anawapa taarifa za vikao, anawapunguzia makali bungeni, kwa nini wamchome leo? Mtu wako anayekufanyia kazi vizuri unamficha. Klipu ikitoka maana yake kuna kitu kimebadilika. Labda amekataa kuendelea. Labda muda wake umeisha, hana faida tena. Labda kuna makundi yanagombana huko huko ndani na yeye ni risasi tu ya kumpiga mwingine. Au labda hajawahi kuwa wao na hiyo ndo silaha iliyobaki. Zote nne zinawezekana na klipu ya dakika mbili haikuambii ni ipi. Sisemi hivi kumtetea mtu, kwenye hizo nne mbili zina maana jamaa kweli alikuwa amenunuliwa. Nasema tu ukikimbilia kwenye "msaliti" bila kupita hapo unakuwa umemfanyia kazi aliyeachia, bure kabisa.

Zimbabwe wanajua machungu ya hili. Desemba 2001 kiongozi wa upinzani Morgan Tsvangirai alikaa na jamaa anaitwa Ari Ben-Menashe kule Montreal, Kanada, kamera imefichwa. Februari 2002, wiki chache tu kabla ya uchaguzi wa rais, ile video ikarushwa na televisheni ya Australia, ikidaiwa anapanga kumuua Rais Mugabe. Akashitakiwa kwa uhaini, kosa la kunyongwa. Kesi ilipofika mahakamani ndo watu wanaona video yenyewe haisikiki vizuri, maneno mengi hayaeleweki, na huyo Ben-Menashe kampuni yake ilikuwa na mkataba wa kulipwa na serikali ya Mugabe. Oktoba 2004 mahakama ikamwachia huru. Lakini uchaguzi wa 2002 ulishapita, na miaka miwili na zaidi ya maisha yake kisiasa ilikwenda kwenye makorido ya mahakama. Hukumu haikumrudishia hiyo miaka.

Na siku hizi kuna hili la AI ambalo linaharibu kotekote. Slovakia, Septemba 2023, siku mbili kabla ya kura, kipindi ambacho kisheria kampeni zimefungwa, ilisambaa sauti ya Michal Šimečka, kiongozi wa Progressive Slovakia, eti anapanga na mwandishi wa habari jinsi ya kuiba kura. Waliochunguza wakasema inaonekana imetengenezwa. Chama chake kikashika nafasi ya pili nyuma ya Fico, na siwezi kusema ile sauti ndo iliwaangusha, lakini muda waliouchagua unajieleza. Nigeria 2023 nayo ilikuwa na sauti ya mgombea urais wa upinzani Peter Obi na askofu Oyedepo, chama chake kikasema imechezewa, wengine wakashikilia ni yeye, hadi leo ukiwauliza Wanigeria watabishana.

Hatari ya AI siyo tu kwamba mtu asiye na hatia atatengenezewa. Mwenye hatia naye kapata pa kujificha. Akibanwa anasema "hiyo ni AI" na wafuasi wake wanapiga makofi. Mimi hilo jibu silikubali peke yake. Kiongozi ukisema ni AI, sema siku hiyo hiyo, sema ulikuwa wapi, sema huyo mtu unayesikika unaongea naye unamfahamu au humfahamu, na ukubali wataalamu wa nje ya chama chako waisikilize. Ukikaa kimya siku tano halafu unakuja na "AI" wakati wasaidizi wako juzi walishasema "maneno yamekatwa katwa", hapo umetupa majibu mawili yasiyokaa nyumba moja. Ama sauti siyo yako kabisa, ama ni yako imekatwa. Huwezi kuwa na zote mbili.

Kwenye kusikiliza nako tuwe makini. Hizi klipu zinatufikia kwa WhatsApp, na WhatsApp mara nyingi inabana faili na kufuta taarifa zake za mwanzo, lilirekodiwa lini na kwa kifaa gani. Likishapita kwenye makundi mengi hata mtaalamu anabaki na kazi ngumu, ndo maana anayetoa sauti bila kutoa faili la kwanza anakuwa anakuomba umuamini yeye. Weka earphone, sikiliza kelele za nyuma, kama kuna feni au magari halafu ghafla vinapotea na kurudi, hapo huenda pamekatwa. Sikiliza kama jibu linaendana na swali lililoulizwa, au swali limebandikwa kabla ya jibu la kitu kingine. Angalia nani anataja majina na kiasi cha hela, mara nyingi utakuta ni yule mwingine anayetaja kila kitu, mwanasiasa yeye anasema "mmh, sawa, tutaongea". Huyo mwingine anajua anarekodi. Anamlisha. Na muhimu kuliko yote uliza mazungumzo yote yalikuwa ya muda gani, maana mtu haongei biashara nzito kwa dakika mbili bila salamu wala kuagana.

Sasa nije kwenye hoja ambayo najua itawaudhi baadhi ya makamanda wenzangu wa Chadema.

Kwa nchi yetu klipu siyo ushahidi bora wa nani yuko huru na nani yuko mfukoni. Ushahidi mwingi uko mchana kweupe. Kumbukeni 2017 na 2018, kipindi cha wabunge wa upinzani kuhamia CCM wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais. Mtulia wa Kinondoni kajiuzulu CUF, Mollel wa Siha kajiuzulu Chadema, wote Desemba 2017, Februari 2018 wamerudi kugombea majimbo yale yale kwa tiketi ya CCM. Hela ya umma ikatumika kuchagua watu wale wale. Na siku moja kabla ya kura ya Kinondoni, polisi wakitawanya maandamano ya Chadema, ndo yule binti, mwanafunzi wa NIT, akapigwa risasi akiwa ndani ya daladala. Viongozi wa Chadema walioandamana siku ile ndo walioshitakiwa, na Machi 2020 wakapigwa faini za mamilioni. Waitara wa Ukonga alihama 2018 na mwaka huo huo akawa naibu waziri. Mollel akawa naibu waziri 2020. Nani alihitaji klipu kujua kinachoendelea? Kuhama chama ni haki ya mtu, sikatai, lakini uteuzi unafuata baada ya muda mfupi na umeandikwa, una tarehe, haukatwi na haubandikwi.

Na hata rekodi zikiwepo za kweli tumeona zinafika wapi. Oktoba 2017 Nassari, akiwa mbunge wa Chadema wa Arumeru Mashariki, alipeleka TAKUKURU video akidai zinaonyesha madiwani wa Chadema wanavyonunuliwa. Hazikumfikisha mtu jela. 2019 akavuliwa ubunge kwa utoro wa vikao, 2020 mwenyewe akahamia CCM, 2021 akateuliwa mkuu wa wilaya ya Bunda. Mtu aliyekuwa na rekodi mkononi! Kwa hiyo msiniambie rekodi ndo zitatusafishia upinzani.

Kuna michango mingi hapo chini, nijibu michache.

Mkuu mmoja kauliza, "kwa hiyo tusiwatilie shaka viongozi wetu kabisa?" Hapana, watilie shaka sana, ila kwa kipimo kinachokaa. Chukua mfano wa 2013, waraka ule wa mkakati wa kubadili uongozi wa chama, uliofanya Zitto Kabwe na Kitila Mkumbo wavuliwe vyeo Chadema. Wote wawili waliitwa wasaliti kwa pumzi moja. Mwaka mmoja mbele, Novemba 2014, Zitto akiwa mwenyekiti wa PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, anasoma bungeni ripoti ya kashfa ya hela za Escrow, mwanasheria mkuu akajiuzulu, waziri wa ardhi akaondolewa, wa nishati akaachia ngazi. Kitila akateuliwa katibu mkuu wa wizara 2017, mwaka huo huo akajiunga CCM, 2020 akawa mbunge wa Ubungo. Tuhuma ilikuwa moja, waraka ulikuwa mmoja, watu wawili wakaenda njia mbili tofauti. Kilichowatenganisha ni walichofanya baadaye, mmoja kwenye kamati ya Bunge na mwingine kwenye uteuzi. Hapo ndo pa kuangalia. Bajeti ikija anasemaje, sheria mbovu ikija yuko ukumbini au kasafiri, watu wake wakikamatwa anaenda polisi au anatoa tamko tu.

Mwingine kasema, "ukishaongea na serikali kwa siri wewe umeshauzwa." Hapa ndugu yangu nakubaliana na wewe nusu. Kuongea na serikali siyo dhambi, hakuna upinzani duniani usioongea na serikali. Februari 2022 Lissu, wakati huo makamu mwenyekiti wa Chadema, alikutana na Rais Samia Brussels. Picha zilitoka, akaja mwenyewe akatuambia alipeleka nini, kesi ya ugaidi ya Mbowe aliyekuwa mwenyekiti wa chama, mikutano ya hadhara, stahiki zake. Hata kama kungekuwa na mtu amerekodi kile kikao, angeuza nini? Habari ilishakuwa ya wote.

Sasa linganisha na yaliyofuata. Machi 4, 2022 kesi ya ugaidi inafutwa, Mbowe anatoka baada ya miezi zaidi ya saba ndani, siku hiyo hiyo yuko Ikulu. Yakaanza maridhiano, yaani mazungumzo ya Chadema na serikali. Yalizaa kitu, msiwe wasahaulifu, Januari 3, 2023 zuio la mikutano ya hadhara lililokuwepo tangu 2016 likaondolewa. Lakini wanachama wa kawaida kule matawini waliambiwa nini kuhusu kinachojadiliwa, nani anakaa mezani, nini kimekataliwa? Kidogo mno. Na pale kwenye ukimya ndo maneno ya asali yalipoota. Mei 2024 Lissu kasimama Iringa anahoji hela zinazomwagwa kwenye chaguzi za chama zinatoka wapi. Januari 2025 wamefika kwenye uchaguzi wa mwenyekiti, Lissu 513, Mbowe 482, chama kimegawanyika nusu kwa nusu karibia. Mbowe ni mtu aliyekaa gerezani kwa ajili ya hiki chama, na mimi sijaona ushahidi wa kumuita alivyoitwa na baadhi yetu. Ila mazungumzo yaliyoendeshwa bila taarifa kwa wanachama yalimuacha hana cha kuonyesha alipohitaji kujitetea. Hilo ni kosa la kisiasa na bado siyo usaliti, tuvitenganishe hivi vitu.

Ndo maana nasema chama kikitaka kujikinga na klipu, kanuni iwe nyepesi tu, haendi mtu peke yake. Waende watatu, mmoja awe wa kundi lisilomkubali mwenyekiti, waandike kilichosemwa, kamati kuu isomewe ndani ya siku chache. Hela yoyote ya kampeni za ndani itajwe imetoka kwa nani. Hata ikirekodiwa na shetani mwenyewe, kuna karatasi ya chama inayosema hicho kikao kilikuwepo na kilihusu nini.

Yule aliyesema "wewe mwenyewe ni kitengo unawatetea wenzako", sina cha kukujibu, soma uzi tena kuanzia juu.

Na yule aliyeuliza la maana kuliko wote, akipatikana mwenye klipu ndefu, nzima, afanye nini? Kaka, usiirushe kwenye magrupu kwanza. Tunza faili kama lilivyokuja, usilibadili jina, usilikate. Mpe mhusika nafasi ya kujibu kabla, mpe mwandishi au mwanasheria unayemuamini, na kumbuka kuna sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, anayesambaza anaweza kuishia ndani wakati aliyerekodi yuko nyumbani kwake. Na ukiitoa, itoe yote, na salamu zake, na pale mwanasiasa anaposema "hapana" kama alisema. Nyingi ya hizi zilizotufikia zimekatwa hapo hapo kabla hatujasikia kama alikubali au alikataa, na aliyekata anajua kwa nini.